Karatasi Niliyoisoma Mbele ya Jeneza la Baba Yako

Kasungami, Lubumbashi, Jumapili, baada ya misa

Mwansa wangu,

Mambo ya chandarua, ya kutooga mtoni peke yako na ya nguo ya kuendea misani, mama yangu amekwisha kukuambia yote, na mengine mara mbili. Mimi sitayarudia. Sanduku lako limefungwa, liko karibu na mlango. Wewe uko kwa jirani unasukwa nywele, ninakusikia ukicheka. Ninaandika haraka kidogo, maana ninataka uipate barua hii leo, jua lingali juu. Ukiwa na swali uniulize. Ukiwa na hasira, uwe nayo hapa nyumbani kwanza, kabla hatujafika njiani.

Utashangaa kwamba ninakuandikia wakati tunalala kitanda kimoja. Lakini unanijua. Shuleni mwalimu akiniuliza kitu nilikuwa ninaijibu meza. Mpaka nimemaliza shule mwaka huu, kuna wanafunzi wa darasa langu ambao hawajawahi kusikia sauti yangu. Kwenye karatasi ninaweza kufika mwisho wa neno. Kwa mdomo ninaishia katikati.

Watu hucheka wakisikia msichana wa miaka kumi na tisa anasema "mwanangu". Wacheke. Mama yako alikuwa dada yangu mkubwa, na kwetu mdogo wa mama ni mama. Alipokufa ulikuwa hujaota meno, nami nilikuwa na miaka saba. Nilikufunga mgongoni kwa kitenge, miguu yako ikagonga magoti yangu. Kwa hiyo ninakuandikia kama mama. Na kama mama, kuna kosa moja nililolifanya ambalo wewe ndiwe unayelibeba.

Ni juu ya samaki.

Wiki iliyopita Kambo wako wa Kasenga, mama ya baba yako, alikutumia samaki wakavu, wamefungwa katika majani na kamba, kama anavyofanya sikuzote. Nilikukuta nyuma ya choo ukiwatupa shimoni, mmoja mmoja, kwa ncha za vidole, kama mtu anayeshika kaa la moto. Nilikuuliza unafanya nini. Ukaniambia bila kugeuka:

"Mi sikule samaki ya muchawi."

Nikakuambia usiseme hivyo juu ya mama ya baba yako, mtu ambaye unaitwa kwa jina lake. Hapo ndipo ulipogeuka.

"Weye mwenyewe njo ulisoma, mama mudogo. Malaria. Malaria ya siku mbili inaua muntu mukubwa? Njo samaki."

Nilichukua jembe nikafukia. Uliona kama nimekubali. Na kesho unaenda kuishi katika kiwanja kimoja na yule mama, kwa sababu baba yako alitaka umalize darasa la sita hapa kisha usome kwa masista wa kule. Kwa siku nane nimekuona huli vizuri. Mama anadhani ni huzuni ya kuondoka. Mimi ninajua ni hofu, na ninajua nani aliyekupa.

Sasa nisikilize. Baba yako hakufa kwa malaria.

Ulikuwa na miaka kumi. Ulipelekwa kwa jirani ili usimwone, kwa hiyo hukujua mengi. Baba yako, Chola, alikuwa akifanya kazi katika kile kiwanda kidogo cha kuosha mawe ya shaba, anakofanya kazi mjomba wako Donat pia. Siku ile walimwambia aingie katika tangi la asidi akwangue uchafu wa chini. Hakupewa kitu cha kufunika uso. Alifunga kitambaa tu. Alitoka kwa miguu yake mwenyewe, akarudi nyumbani kwa miguu yake mwenyewe, akaomba maji. Siku ya pili alikuwa akipumua kama mtu anayepanda mlima ilhali amelala. Mama alikuwa ameenda kutafuta gari la kumpeleka hospitali. Mimi nilibaki naye, ninampepea na kifuniko cha sufuria. Alinishika kifundo cha mkono akaniambia maneno haya. Nimeyashika kama alivyoyasema:

"Edwige, ni harufu ya ile tangi. Iliniingia mu kifua kama moto. Kama ninakufa, mubaambie bantu ba kwetu basitafute muntu. Hakuna muntu. Ni tangi."

Alikufa hospitalini siku iliyofuata.

Unajua desturi yetu kwenye kilio. Kabla jeneza halijatoka nyumbani, mtu mmoja anasimama anasoma historia ya ugonjwa: mfu alizaliwa wapi, aliugua nini, siku gani, nani alimpeleka hospitali, maneno yake ya mwisho yalikuwa nini. Watu wote wananyamaza. Hata walevi wananyamaza. Ndiyo sababu watu hawaanzi kutazamana kwa jicho baya: kila mmoja amesikia. Na kwa sababu nilikuwa sekretari wa shirika letu la sala la mtaa, nikiandika majina ya wanaokuja kusali kila Alhamisi, na kwa sababu nina mwandiko mzuri, wakubwa walisema, Edwige ataandika.

Niliandika. Niliandika tangi, kitambaa, kifua, na maneno yake kama alivyoyasema. Ukurasa mmoja na nusu.

Kisha gari la kiwanda likaja na jeneza. Jeneza zuri, lenye vishikio. Sisi tulikuwa tumeanza kuuliza kama mbao za mlango wa jikoni zingetosha. Shefu wa wafanyakazi alishuka, akawapa pole wakubwa wote, akakaa kwenye kiti cha mbele, kisha akaomba kwa upole aone karatasi itakayosomwa. Aliisoma mara moja. Akamrudishia Papa Zakaria, kiongozi wa shirika, akasema kwamba dereva anaweza kupakua jeneza au anaweza kurudi nalo, na kwamba ni vivyo hivyo kwa gari la kwenda makaburini, wakubwa waamue wenyewe.

Nataka umhukumu Papa Zakaria kwa haki. Ndiye aliyemfumba baba yako macho. Ndiye aliyewatafuta wachimba kaburi, na mvua ikawanyeshea pamoja. Alinijia nyuma ya jikoni, viatu vyake vimejaa udongo, akaniambia taratibu:

"Mutoto wangu, andika malaria. Malaria haigombane na muntu."

Nilitazama chini. Alingoja kidogo, akanipa kalamu yake. Nikapiga mstari juu ya tangi. Nikapiga mstari juu ya maneno ya baba yako. Nikaandika malaria.

Hakunishika koo, Mwansa. Hakunitisha. Ningeweza kusema, Papa, siwezi, mpe mwingine asome. Hata hilo dogo sikulisema. Nilijiambia kwamba mimi ni mtoto, wao ni wakubwa, na kwamba kunyamaza kwangu ni heshima. Maisha yangu yote watu walikuwa wamesifu kunyamaza kwangu, mpaka nikaamini kwamba mtu mwenye aibu hawezi kutenda dhambi kwa mdomo.

Kisha nikasimama mbele ya jeneza nikasoma. Na kuna jambo baya kuliko mstari ule wa kalamu, ambalo sijawahi kumwambia mtu. Nilisoma vizuri. Sauti ilitoka. Ilifika mpaka barabarani, kwa wale waliosimama nje. Nilipokaa, mama mmoja wa kwaya alisema nyuma yangu, "Kumbe ule mutoto iko na sauti. Shiye tulizania ni bubu." Wenzake wakacheka kidogo, cheko lile la kwenye kilio, na mimi, na baba yako amelala hatua mbili kutoka kwangu, nilifurahi. Mara ya kwanza nilipopata sauti mbele ya watu, niliipata kwa uongo. Ndiyo maana tangu siku ile siwezi kusoma somo kanisani. Padri anadhani ni aibu tu.

Katika wale waliosikiliza alikuwako Mwape, ndugu ya baba yako, atakayekuja kukuchukua kesho. Alikuwa ametoka Kasenga peke yake. Kambo wako hakuja kwa sababu ya miguu yake, na barabara ilikuwa imeharibika kwa mvua. Mwape alisikia malaria, siku mbili, mtu mzima, mwenye nguvu. Kisha akauliza jikoni baba yako alikula nini wiki ile. Wakamjibu kwamba alikula samaki waliotoka kwa mama yake. Hakuuliza tena. Alirudi Kasenga na jibu lake.

Habari zilitufikia kidogo kidogo, na wachuuzi wa samaki. Kwamba Kambo wako ametolewa katika nyumba, analala katika kibanda nyuma ya jiko la Mwape. Kwamba mboga anazouza haziguswi. Kwamba kanisani, wakati wa kupeana amani, anageuka kulia na kushoto na mkono wake unabaki hewani. Yule mwenye kilio, aliyefiwa na mtoto, watu walimfanya kuwa ndiye aliyemuua. Na yeye bado anafunga samaki kwa majani na kamba, anakutumia.

Nilienda kuungama. Ninakuambia hili kwa sababu nawe utajaribu njia hiyo siku moja, ni rahisi sana. Nilisema kwa padri: nimesema uongo mara moja. Sikusema uongo gani, wala juu ya nani, wala kwamba ulikuwa bado unatembea kwa miguu yake huko Kasenga, kando ya mto Luapula. Alinipa sala fupi za kusali. Nikatoka mwepesi kama mtu aliyetua ndoo. Wepesi ule ulidumu mpaka mchuuzi mwingine wa samaki alipopita.

Nikuambie nilichojifunza, ingawa ni kidogo na nimekipata kwa gharama ya mtu mwingine. Nilikuwa nikifikiri kwamba kusema kweli kwa ujasiri ni kazi ya watu wenye sauti kubwa, wale wanaosimama mbele ya wakubwa wa nchi. Nilikuwa ninawaombea. Sikujua kwamba siku yangu ingekuja nyuma ya jikoni, na kalamu ya kuazima, mbele ya mzee mwema aliyelowa mvua. Hakukuwa na adui pale. Kama angekuwako adui, labda ningemtambua.

Baada ya wewe kuwatupa wale samaki, nilimwendea Papa Zakaria. Nilimwambia kwamba ninataka kuisoma upya historia ya Chola katika shirika, ile ya kwanza. Karatasi yenyewe ninayo, mistari ya kalamu haikufunika kila kitu. Akaniuliza kama ninataka kiwanda kifungwe, kama ninajua baba wangapi wa mtaa huu wanaingia pale kila asubuhi, na kama sioni jinsi kazi zilivyo ngumu kupatikana sasa. Mwishoni akasema, "Chola alisha kufa. Bale banaishi njo beko na njaa." Alisema kweli: walio hai ndio wenye njaa. Hilo ndilo lililonitesa njiani nikirudi: hata yeye alikuwa akisema kweli.

Alhamisi nilienda kwenye shirika na ile karatasi ndani ya kitabu cha nyimbo. Ilipofika saa ya kila mtu kusema Injili imemwambia nini, nilisimama. Hukuwako, ulikuwa umelala na homa yako ya hofu. Nilianza kusoma, na nilikuwa ninaisomea sakafu. Mtu wa nyuma akasema, "Sekretari, sauti. Hatusikie." Nikarudia tangu mwanzo. Nikasoma tangi. Nikasoma kitambaa. Nikasoma: basitafute muntu, hakuna muntu, ni tangi. Kisha nikasema kwamba mimi ndimi niliyefuta, na kwamba kwa kufuta kwangu mama ya Chola anaitwa mchawi.

Hakuna aliyepiga makofi. Hakuna aliyekasirika pia. Papa Zakaria alianzisha Baba Yetu, tukasali, watu wakaenda nyumbani. Akanifuata mlangoni, akanyoosha mkono, akachukua daftari la sekretari.

Ijumaa asubuhi mjomba wako Donat alienda kazini, akarudi kabla uji haujapoa. Walimwambia apumzike nyumbani kwanza, watamwita. Unafahamu sasa kwa nini hali nasi tangu juzi. Nilimpelekea sahani yake nje. Hakupiga kelele, wewe unamjua. Alisema tu:

"Ulikuwa unangojea nini? Kama ulisema ile siku, tungelia bote. Sasa unasema, njo nalia mi peke."

Donat ana watoto wawili wadogo. Kweli niliyoificha siku ile ingetuangukia sote: shefu, Papa Zakaria, mama, mimi. Niliichelewesha, ikamwangukia mmoja. Kila siku niliyonyamaza ilikuwa ikiongeza uzito, na sikuwa mimi wa kuubeba. Usiku mimi husali ili aitwe kazini, kisha ninaogopa sala yangu, maana akirudi pale wanaweza kumwambia naye aingie katika tangi.

Na sijui, Mwansa, kama Alhamisi nilisimama kwa ajili ya Mungu, au kwa ajili ya Kambo wako, au kwa ajili ya kulala vizuri. Watu waliposema "sauti" nami nikaitoa, nilisikia tena kidogo ile furaha ya siku ya jeneza. Ninakuambia ili ujue kwamba hata ukisema kweli, moyo wako utajaribu kujipamba nayo. Mimi nimeamua kutongoja moyo uwe safi ndipo niseme. Ningengoja mpaka Kambo wako afe.

Leo misani uliona. Ulikuwa upande wangu wa kushoto. Padri aliposema tupeane amani, mama wa kwaya aligeukia upande mwingine, na Papa Zakaria alipita mbele yangu akitafuta mtu wa mbali. Donat alibaki amekunja mikono. Mkono wangu ulibaki hewani. Ni muda mfupi sana, hata kuhesabu tano hufiki. Kisha ukaushika wewe, ukauzungusha kwa mchezo kama unavyofanya. Hukujua chochote. Kambo wako amekaa karibu miaka miwili na mkono ule hewani, na wa kuushika hakuna.

Sikutumi wewe uende ukaseme kule kwa ajili yangu. Nilifikiri hivyo kwanza: nitampa mtoto ile karatasi, yeye anasoma kwa sauti, hana aibu, atawasomea. Kisha nikaona kwamba ndivyo wakubwa walivyonifanya mimi. Walihitaji mdomo, wakachukua wa mtoto. Sitachukua wako.

Kwa hiyo nimemwomba mama ruhusa, na leo asubuhi amenipa, pamoja na kitenge chake cha buluu. Kesho nitapanda gari pamoja nawe. Mwape akikataa nipande, nitamsomea hapa uani, kabla hajapakia sanduku lako. Akikubali, nitamsomea njiani, kisha nitasoma kule, katika uwanja wake, mbele ya wale wale waliomtoa mama yule nyumbani. Labda watanicheka. Labda watasema nimetumwa, nimelipwa, nimechelewa. Kwamba nimechelewa, hilo ni kweli. Sijui kama watamrudisha ndani. Neno langu lilimtoa katika siku moja, na sina hakika kwamba neno langu linatosha kumrudisha. Baada ya hapo mimi nitarudi Lubumbashi kutazama uso wa Donat, nawe utabaki.

Ukitaka kutonisemesha safari nzima, ni haki yako. Nilikuficha kifo cha baba yako mwenyewe. Nitakaa nyuma, karibu na mizigo.

Ninaomba kitu kimoja tu. Mimi sijawahi kumwona Kambo wako. Nimemharibia jina mtu ambaye hata sura yake siijui. Wewe ulienda kwake na baba yako ulipokuwa mdogo, alikufundisha kutoa miiba ya samaki kwa ulimi, ulirudi unajivuna. Tukifika kutakuwa na watu wengi wanakuja kukuangalia, na yeye hatasogea karibu, atasimama mbali walikomzoeza kusimama. Ukimwona, usininong'oneze wala usinyooshe kidole. Mwite kwa jina lenu lile moja, kwa sauti, watu wote wasikie, ili nijue ni nani ninayepaswa kumpigia magoti kabla sijafungua karatasi.

Mama mdogo wako,
Edwige